UZI: Ruta ikiandika "source" kwenye logi, jua kwanza ni source ya nini kabla hujamnyooshea mtu kidole

fundi_mikindani, Mtwara

Wakuu habari za jioni. Nimeona nilete hili jambo hapa maana linaumiza watu. Kuna binti hapa Mtwara mjini, upande wa Ligula, kasimamishwa kazi ofisini kwao kwa sababu ya mstari mmoja tu wa logi ya ruta, yaani daftari ambamo ruta inaandika inachokiona. Bosi kaletewa skrinishoti, pale imeandikwa 192.168.88.23, anwani iliyodhaniwa ni ya kompyuta yake, saa 22:14, mbele yake kuna anwani ya nje ambayo hakuna anayeijua, basi ikaamuliwa hapo hapo kwamba binti anabaki usiku anatoa mambo ya ofisi nje. Hakuna aliyeuliza hiyo source ni source ya nini, hiyo saa ni saa ya wapi, na ile namba usiku ule ilikuwa mikononi mwa nani. Nimeombwa na familia niende nikaiangalie ruta, kesho naenda, nitaleta nilichokuta.

Ila leo tuanze na kusoma logi yenyewe, mwenye swali aulize, mwenye kujua zaidi aongeze.

Shida inaanzia hapa: mstari mmoja wa logi unaweza kubeba vyanzo vitatu mpaka vinne na vyote watu wanaviita source. Kuna kifaa kilichoandika na kutuma ujumbe. Kuna sehemu ya ndani ya ruta iliyoandika, labda fayawoli, labda DHCP inayogawia vifaa anwani, labda waifai, labda ni mtu kaingia kubadilisha mipangilio. Kuna anwani ya IP ya paketi, yaani kipande cha data, iliyosababisha ruta iandike. Halafu kuna MAC, yaani namba ya kifaa chenyewe, ya aliyeikabidhi hiyo paketi kwenye waya. Ukichanganya hivi vitu unamkamata mtu asiyehusika, na ndicho kinachotokea kila siku.

Angalieni huu, anwani za nje nimeweka zile zilizotengwa maalum kwa ajili ya mifano ili nisimwanike mtu:

<4>Nov 14 22:14:07 ruta-ofisi kernel: ZUIA IN=eth0 OUT= MAC=02:11:22:33:44:55:02:aa:bb:cc:dd:ee:08:00 SRC=203.0.113.45 DST=198.51.100.20 LEN=40 TTL=243 ID=54321 PROTO=TCP SPT=41022 DPT=23 WINDOW=65535 SYN

Hiyo <4> ya mwanzo inabeba vitu viwili. Unaigawa kwa 8, jibu ni sehemu iliyoandika na baki ni uzito wa jambo. 4 kwa 8 ni 0 baki 4, 0 ni kerneli yaani moyo wa mfumo, 4 ni onyo. Ukikuta <134> ni 16 baki 6, 16 ni local0, nafasi iliyoachwa kwa matumizi ya mwenyewe, na 6 ni taarifa ya kawaida tu. Ruta nyingi za Cisco utaona <189>, ni 23 baki 5. Uzito unaenda kinyume na watu wanavyodhani, 0 ndiyo balaa kabisa na 7 ni maelezo ya mafundi, kwahiyo ukiona namba kubwa usishtuke. Mara nyingi ukifungua faili hiyo namba huikuti, seva inakuwa imeshaitoa.

"ruta-ofisi" ni jina la kifaa kilichoandika. Hicho ndicho chanzo cha UJUMBE. Kimeona jambo kikaliandika, basi, hakijashambulia mtu. ZUIA ni neno aliloliweka fundi mwenyewe kwenye kanuni ya fayawoli ili akilikuta ajue kanuni gani imeandika. Weka neno linaloeleweka, wengine wanaweka "test" halafu baada ya mwaka hakuna anayejua test ya nini.

IN=eth0 ndiyo sehemu ninayoisoma kabla hata ya SRC. Inasema paketi imeingilia mlango gani. Hapa eth0 ni upande wa intaneti na OUT iko tupu maana paketi ilikuwa inakuja kwa ruta yenyewe, haikuwa inapita. Sasa mtu yuko nje huko anagonga poti 23, hiyo ni telineti, mlango wa zamani wa kuingilia vifaa. Tangu kirusi cha Mirai mwaka 2016 intaneti nzima inagongwa poti hiyo usiku na mchana, mashine zinatafuta kamera na ruta zilizoachwa na nywila za kiwandani. Na ile ID=54321 ni namba ambayo matoleo ya zamani ya programu ya kuskani ya ZMap yalikuwa yanaiweka yenyewe, hiyo programu ilitoka Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 2013 na inaweza kupita intaneti nzima ya IPv4 kwa muda mfupi sana. Kwahiyo mgongaji hakujui wala hana habari na Mtwara, anapita kila nyumba. Ruta imezuia, imeandika, imemaliza.

nachi_boy, Nachingwea

Mkuu asante sana, hapo kwenye MAC naomba ufafanue maana mimi nilikuta logi kama hiyo nikachukua ile MAC ya mwanzo nikaiblock, intaneti ikakata ofisi nzima. Sasa nikabaki najiuliza huyu mshambuliaji yuko ndani ya nyumba au??

fundi_mikindani, Mtwara

@nachi_boy hesabu na mimi. Hiyo MAC ndefu ni vipande vitatu vimeunganishwa. Jozi sita za mwanzo ni za MPOKEAJI, yaani ruta yako mwenyewe, ndiyo maana ulipoiziba nyumba nzima ikanyamaza. Jozi sita zinazofuata ndiyo za mtumaji. Mbili za mwisho 08:00 zinasema tu ndani kuna IPv4, zingekuwa 86:dd ingekuwa IPv6.

Na hata huyo mtumaji wa katikati, kama paketi imetoka intaneti, siye mshambuliaji. MAC haivuki ruta. Kila paketi inapovuka ruta inavuliwa MAC ya zamani inavishwa nyingine, kwahiyo unachokiona ni kifaa cha mtoa huduma wako kilicho upande wa pili wa waya. Lori linaloshusha korosho ghala kuu hapa Mtwara siyo mkulima wa Tandahimba aliyezivuna, ukitaka mkulima unasoma karatasi, husomi namba ya lori. Ukiiziba MAC hiyo umejifungia mlango wa intaneti mwenyewe.

MAC ina maana pale paketi inapotoka NDANI, kwenye waifai yako au swichi yako. Na hapo napo kuna kitu, simu za siku hizi zinajitungia MAC ya bandia kwa kila waifai, Android tangu toleo la 10 na iPhone tangu iOS 14. Utaitambua kwa herufi ya pili ya MAC, ikiwa 2, 6, A au E basi hiyo imetungwa, haikutoka kiwandani. Ukienda kuitafuta kwenye boksi la simu hutaikuta kamwe.

mzee_wa_kilwa, Kilwa Masoko

Wanangu mimi nina gesti ndogo hapa Masoko, wageni wanataka waifai. Ruta yangu imejaa maandishi DoS Attack from source, halafu nikitafuta hizo anwani naambiwa za Google. Sasa Google wanishambulie mimi wana shida gani na gesti yangu? Nimeambiwa ninunue ruta ya bei kubwa. Nisaidieni kabla sijatoa hela.

binti_shangani, Mtwara

Shikamoo mzee wangu, usitoe hela kwanza. Tafadhali angalia hapo kwenye source poti imeandikwa ngapi? Kama ni 443 au 53 jibu liko hapo.

mzee_wa_kilwa, Kilwa Masoko

Marahaba mwanangu. Nyingi 443, chache 53.

binti_shangani, Mtwara

Basi mzee hayo ni majibu yaliyochelewa. Iko hivi, mgeni wako akifungua ukurasa, simu inatuma ombi kwenda poti 443 ya seva, ruta inaandika kwenye daftari lake la ndani kwamba fulani ameuliza, jibu likirudi nimpelekee. Jibu linaporudi linakuwa na SOURCE poti 443, maana sasa seva ndiyo inayosema. Ikitokea mgeni kazima waifai katikati, au mtandao ulikuwa mzito jibu likachelewa, ruta inakuwa imeshafuta lile jina kwenye daftari. Ruta nyingi zimetengenezwa juu ya Linux, na pale ombi la UDP (utumaji usio na kusalimiana kwanza) lisilojibiwa kwa kawaida linafutwa baada ya sekunde 30 tu. Jibu likifika ruta haimjui aliyeuliza, inalitupa na inaliandika kama shambulio.

Kwahiyo mzee kanuni ni hii, source poti ndogo inayojulikana kama 443, 80, 53, ikienda poti yako kubwa kama 51000 na kitu, mara nyingi ni jibu. Source poti kubwa ikienda poti yako ndogo kama 23, 22, 445, 3389, huyo ndiye anayegonga mlango. Soma pande zote mbili kwa pamoja, usisome upande mmoja.

Lililo la lazima kwako ni kubadilisha nywila ya kuingilia ruta na kuizuia isifunguke kutoka nje. Kama ruta ni ya MikroTik hakikisha poti 8291 ya Winbox, programu ya kuisimamia, haifunguki kutoka intaneti na iwe na apdeti, maana mwaka 2018 lilionekana tundu baya sana pale, mtu alikuwa anasoma nywila bila kuingia.

mama_ghala, Masasi

Nimefuata uzi tangu mwanzo. Sisi tuna ofisi kadhaa, Masasi, Newala na nyingine, logi zote zinakwenda kwenye seva moja Mtwara. Msimu wa korosho ukianza ndio mtihani, maana mnada unafanyika mtandaoni na mtandao ukilegea simu zinalia kutoka kila upande. Seva inatuonyesha vifaa vingi kuliko tulivyo navyo! Kuna ruta moja ya Masasi inaonekana kama ni mbili, moja inanyamaza nyingine inaanza kuongea. Na zote zinaitwa MikroTik. Je kuna mtu kachomeka kifaa chake?

fundi_mikindani, Mtwara

@mama_ghala dada yangu hicho ulichouliza ndicho kinachowachosha watu wengi wa matawi. Nina swali, hiyo ruta ya Masasi ina njia mbili za intaneti?

mama_ghala, Masasi

Ndiyo, faiba na laini ya 4G ya akiba.

fundi_mikindani, Mtwara

Basi hakuna kifaa cha mtu. Ruta ina anwani nyingi, kila mlango wake na anwani yake. Inapotuma logi, kama hujaiambia chochote, inatumia anwani ya mlango ambao ujumbe unatokea. Faiba ikiwepo seva inaona anwani A. Faiba ikikatika ujumbe unapita 4G, seva inaona anwani B, inasema kuna kifaa kipya. Kifaa ni kile kile, kimebadilisha mlango wa kutokea.

Dawa yake ni kuichagulia anwani moja ya kudumu. Cisco unaandika logging source-interface Loopback0, ile Loopback ni mlango usio na waya kwahiyo haukatiki. MikroTik unaingia kwenye system logging action unaweka src-address. Lakini sikiliza vizuri hapa, hiyo inafanya kazi pale ambapo njia kati ya tawi na seva haibadilishi anwani, mfano mmeweka VPN, njia ya faragha kati ya ofisi na ofisi. Kama ujumbe unapita kwenye NAT ya mtoa huduma, pale anwani ya ndani inapobadilishwa kuwa ya nje, anwani itabadilishwa tu hata ufanyeje.

Ndiyo maana jina ni muhimu kuliko anwani. Ingia kila ruta weka system identity, masasi-ghala, newala-ofisi, kwa utaratibu mmoja. Halafu kwenye ile action washa bsd-syslog, bila hiyo MikroTik nyingi zinatuma ujumbe bila jina ndani yake na seva inabaki kuandika anwani tu. Kwa Cisco kuna logging origin-id hostname, kazi ni hiyo hiyo.

Na syslog ya kawaida, yaani utaratibu wa kutuma logi kwenye seva, inapita UDP poti 514 bila kuuliza wewe ni nani. Mtu yeyote anayeifikia seva yako anaweza kutuma mstari ukiwa na jina masasi-ghala na seva ikaupokea kwa heshima zote. Kwahiyo ifungie seva ipokee kutoka anwani za matawi tu, na kama vifaa vinaruhusu tumia TLS, njia iliyofungwa kwa siri, poti 6514.

mkazi_wa_lindi, Lindi mjini

Mimi naona mnawatetea wahalifu hapa. IP haidanganyi. Kama imeandikwa 192.168.88.23 na hiyo ni mashine ya mtu, huyo mtu awajibike. Mkianza kusema sijui MAC ya bandia sijui nini hakuna atakayekamatwa nchi hii. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015, itumike.

binti_shangani, Mtwara

Kaka hakuna anayetetea mhalifu, ila IP inadanganya vizuri tu. Paketi ya UDP mtu anaweza kuandika SRC anayotaka, na ndivyo mashambulio mengi makubwa yanavyofanyika, wanaandika anwani ya mtu wanayetaka kumzamisha halafu majibu yote yanamwangukia yeye.

mkazi_wa_lindi, Lindi mjini

Hiyo nakubali kwa UDP. Lakini TCP lazima pande zote mbili zijibizane ndiyo muunganisho usimame, mwenye anwani ya uongo hapati jibu. Kwahiyo logi ya mtu aliyeingia kabisa na nywila kwa TCP ni ushahidi mzito, usiufanye mwepesi.

fundi_mikindani, Mtwara

@mkazi_wa_lindi hapo uko sahihi na ni vizuri umelisema. SYN moja iliyozuiwa, yaani ombi la kwanza la kuunganisha, inaweza kuwa na anwani ya uongo, mtu aliyeingia akabadilisha mipangilio hiyo anwani ni ya kweli. Lakini anwani ya kweli ya nani? Laini za simu hapa kwetu watu wengi wanatoka nje kwa anwani moja. Ukikuta ruta yako upande wa intaneti imepewa 100.64 mpaka 100.127 ujue uko kwenye mtaa huo wa kushirikiana. Ukimpelekea mtoa huduma IP peke yake hawezi kukwambia ni nani, anahitaji IP, SOURCE POTI, na saa kamili mpaka sekunde. Kuna mwongozo wa mwaka 2011, RFC 6302, unaowataka wenye seva waandike source poti kwa sababu hiyo hiyo, na bado watu wanaikata kwenye logi wakidhani ni takataka. Ukitafuta anwani kwenye daftari la AFRINIC, wanaogawa anwani za intaneti Afrika, utapata kampuni iliyopewa, hutapata mtu aliyekaa kwenye kiti.

Sasa ya yule binti. Leo nimekwenda. Mstari wenyewe ulikuwa hivi, MAC na anwani ya nje nimebadilisha:

firewall,info forward: in:bridge out:ether1, src-mac 00:00:5e:00:53:5b, proto UDP, 192.168.88.23:51514->203.0.113.9:443, len 1278

Kwanza saa. Ruta haikuwekwa Africa/Dar_es_Salaam, ilikuwa inatembea na UTC, saa ya dunia iliyo nyuma yetu kwa saa tatu. 22:14 ya UTC kwetu ni saa saba na dakika kumi na nne usiku. Daftari la getini linaonyesha binti katoka jioni, geti limefungwa, na hakuna aliyeingia mpaka asubuhi.

Pili hiyo 88.23. Nimefungua orodha ya DHCP nikakuta mwenye MAC hiyo siyo kompyuta. Nimefuata waya kutoka swichi mpaka chini ya meza yake, nikakuta kiruta kidogo cha waifai kimewekwa nyuma ya pipa la karatasi, vumbi tupu, na kompyuta yake imechomekwa humo. Nimekigeuza, lebo ya chini MAC inaishia 5A, logi inasema 5B. Hiyo ni kawaida, kiruta kina milango zaidi ya mmoja na MAC zake zinafuatana. Maana yake kila kilichokuwa nyuma ya kiruta kile, kompyuta, simu, chochote chenye nywila ya waifai pale kiwanjani, ruta kubwa inakiona kama 88.23. Fundi aliyetoa skrinishoti alikwenda mchana, akaona kompyuta ya binti inatoka na namba hiyo, akahitimisha.

Tatu, UDP kwenda 443 ndiyo njia ambayo kivinjari cha Chrome na YouTube wanaitumia kila siku, inaitwa QUIC. Mstari huo hauonyeshi hata herufi moja ya kilichobebwa. Sisemi ni mlinzi, sisemi ni jirani, nasema logi hiyo haimtaji mtu. Nimemwonyesha bosi yote hayo mezani kwake, kageuza kiruta mwenyewe akasoma lebo. Kamwita binti arudi kazini Jumatatu. Barua ya kumsafisha nimeiomba iandikwe, hilo bado tunalifuatilia na familia.

mkazi_wa_lindi, Lindi mjini

Hapo sina la kuongeza. Kiruta cha chini ya meza ningekuwa mimi nisingekifikiria.

nachi_boy, Nachingwea

Na anwani 0.0.0.0 kwenye source ni nini? Ninayo mingi kila asubuhi.

binti_shangani, Mtwara

0.0.0.0 kutoka poti 68 kwenda 67 ni kifaa kimewaka, hakijapewa anwani, kinaomba. Asubuhi watu wanafika kazini na simu zao. Ila ukiona source 169.254 ujue kifaa hicho kimeomba DHCP kikakosa kikajipa chenyewe, angalia waya au angalia kama orodha ya anwani imejaa.

mzee_wa_kilwa, Kilwa Masoko

Mimi la mwisho. Umeme ukikatika ukarudi, ruta yangu inaandika mwaka 1970. Ni mbovu?

fundi_mikindani, Mtwara

Siyo mbovu mzee. Ruta nyingi ndogo hazina betri ya saa, zikizimika zinasahau, zinaanza 1970 mpaka zipate intaneti ziulize saa kwa NTP. Washa NTP, weka ukanda wa saa wa Dar es Salaam, na kama umeme wa hapo unakatika sana kaweke ki-UPS kidogo cha ruta. Mistari iliyoandikwa 1970 usiifute, ihesabu kwa kufuata mpangilio tu, iliyo juu yake na chini yake itakwambia iko katikati ya saa ngapi na saa ngapi. Na unapotuma skrinishoti humu ziba anwani yako ya nje na MAC za wageni, hizo ni taarifa za watu na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

mama_ghala, Masasi

Nimeweka majina na src-address kwenye ruta zote, VPN ipo. Leo faiba imekatika mchana hapa Masasi, seva imeendelea kuonyesha masasi-ghala moja tu. Newala naona bado inatuma bila jina, naangalia kama bsd-syslog niliiwasha.